Namna ya kurusha kitu cha ajabu kwenye grupu bila kuonekana mpiga chai (muongo)

Wagosi habari zenu. Nimekaa hapa Ngamiani, Tanga, nasubiri kahawa ipoe, nikasema ngoja niandike hili jambo maana limenikaa rohoni siku nyingi. Siku hizi kila mtu mrushaji. Asubuhi hujafumbua macho vizuri simu inatetemeka, klipu ya nyani anaendesha baiskeli, picha ya samaki mwenye meno ya binadamu, ujumbe mrefuuu kama khutba umeanza na NASA WAMETHIBITISHA, na chini yake hakuna aliyejibu hata kwa kidole gumba. Ukimuuliza aliyerusha hii umeitoa wapi anakwambia ah mi nimeforwadiwa tu. Huyo kwangu mimi ni sawa na muuza kahawa anayepita anagonga vikombe mtaa mzima alafu dele lenyewe tupu.

Nasema hivi na mimi nilikuwa mmoja wao, tena sugu. Mpaka admini mmoja wa grupu la ukoo aliwahi kunitoa akanirudisha jioni kama mtoto aliyetolewa darasani. Nilichojifunza nimejifunza barazani, kwa wazee wa kahawa. Pale mtu akiwa na jambo la ajabu hatoi simu akaizungusha, analisimulia. Likiwa tamu litarudi kwako kesho kutoka kwa mtu wa barabara nyingine kabisa ambaye hajui kama limetoka kwako, na hapo ndo unajua umerusha kitu. Sasa twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1. Chimba mwenyewe

Usisubiri kuletewa. Kitu ulicholetewa ujue wenzako nao wameshaletewa, we ni wa arobaini kwenye foleni. Ile vita ya Unguja na Waingereza ya mwaka 1896 iliyoisha kwa dakika 38 kila mtu keshaiona, naomba tuipumzishe.

Mi napitia sehemu chache tu. Wikipedia ya Kiswahili kuna kitufe cha Ukurasa wa bahati, ukibonyeza inakupeleka popote pale inapotaka yenyewe, mara mto wa Urusi, mara mdudu, mara mfalme aliyekufa zamani. Mara tisa hupati kitu, ya kumi unapata. NASA wanaweka picha moja ya anga kila siku tangu mwaka 1995 na maelezo mafupi chini yake, ile kwa kweli haijawahi kuniangusha. Alafu kuna Radio Garden, hii nakuombea uijue. Ni tufe la dunia kwenye skrini lenye vidoti vya kijani, kila kidoti ni mji wenye redio, unazungusha kwa kidole unasimama popote unasikia wanachosema kule saa hiyo hiyo. Usiku mmoja nilimwekea bibi redio ya Muscat, haelewi neno lakini akasikia qaswida, akakaa nayo mpaka simu ikazima chaji. Tahadhari tu, inakula bando, itafutie waifai ya watu.

Lakini siri yangu kubwa ni hii, tafuta kwenu kwa macho ya wageni. Andika Tanga, andika Pangani, andika Amboni, soma wanachosema walio mbali. Mimi nilikuwa nasoma habari za samaki wa kale nikakuta wataalamu dunia nzima walikuwa wanaamini silikanti alishaisha pamoja na madinosaria, miaka kama milioni 66 nyuma, mpaka Desemba 1938 dada mmoja wa makumbusho ya East London kule Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer, akaitwa bandarini kuangalia samaki wa meli ya uvuvi akamkuta kwenye lile fungu, wa buluu, mapezi kama viguu. Dunia ikapagawa. Unashuka chini kidogo unasoma kumbe kuanzia 2003 hivi wavuvi wa Tanga hii hii wakawa wanamtoa kwenye majarife mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Mwili ukanisisimka. Nikaenda Deep Sea, kule kwa wavuvi, mbio kwa mjomba wangu ambaye amezeeka na bahari, nikidhani leo namtoa macho, akaniangalia akasema, mjomba, samaki gani yule, mafuta matupu, ukimla tumbo linakuendesha usiku kucha.

Jibu la mjomba ndo likawa stori. Nilipoirusha kwenye grupu nilianza na yeye, sikuanza na milioni 66.

Hatua ya 2. Lilaze

Usirushe hapo hapo. Lilaze mpaka kesho. Ukiamka na bado unalikumbuka bila kufungua simu, basi ni zuri. Ukiamka umelisahau, lilikuwa makapi. Hatua hii fupi lakini ndo iliyonipunguzia maadui wengi.

Hatua ya 3. Lionje, isije ikawa chai

Hapa tukae kidogo maana hapa ndo nimeumia.

Mwaka mmoja masika yamekolea, mitaa imejaa maji, kuna mtu kanirushia picha ya papa anaogelea barabarani pembeni ya gari. Mimi bila hata kumeza mate nikaipeleka grupu la ukoo, nikaandika Tanga yetu leo jamani. Shangazi yangu yuko Pangani akapiga simu analia, watoto wasitoke nje, akina mama wakaanza kupigiana, mjomba wa Deep Sea akauliza swali moja tu, papa gani huyu maji yanaenda kushoto yeye kivuli chake kiko kulia. Nikanyamaza. Nikaingia kutafuta nikakuta picha ya papa imeanzia Afrika Kusini, mpigapicha Thomas Peschak alimpiga papa mkubwa mweupe akimfuata mtu kwenye kimtumbwi cha plastiki, ikachapishwa 2005. Baadae kuna fundi akamkata yule papa akambandika kwenye barabara yenye mafuriko, na 2011 tufani ya Irene ilipopiga wakasema ni Puerto Rico. Tangu hapo kila mji ukifurika papa yule yule anatokea. Na kinachochekesha zaidi ni kwamba ile picha yenyewe ya mtumbwi, ambayo watu kibao walisema imetengenezwa, ndo ya kweli.

Basi fanya hivi. Picha yoyote kabla hujaigusa ipitishe Google Lens, au ipeleke TinEye, zinakutafutia hiyo picha ilishaonekana wapi. Usiridhike na majibu ya juu, tafuta ya zamani kuliko zote, TinEye inakuruhusu kupanga ya kale ikae mbele. Ukikuta picha ya leo ina miaka kumi basi umeokoka. Kwa video piga skrinshoti ya sehemu inayoonekana vizuri, alafu pitisha hiyo. Hizi za kutengenezwa na akili bandia zinataka jicho lingine, zamani tulikuwa tunahesabu vidole, siku hizi vidole wamesharekebisha, kwa hiyo usiulize picha inaonekanaje, uliza nani aliyekuwepo, wapi, na nani mwingine kaiona.

Kwenye WhatsApp ukiona mishale miwili juu ya ujumbe ujue umeshapita mikono mingi, umeforwadiwa mara tano na zaidi, ndo maana hata wenyewe tangu 2020 wanakuruhusu kuupeleka sehemu moja tu kwa wakati mmoja. Mishale miwili siyo ushahidi kwamba ni uongo, ila ni kama embe lililoshikwashikwa sokoni, wengine wamelibonyeza wakaliacha.

Angalia na tarehe. BBC wenyewe, hao hao unaowaamini, tarehe 1 Aprili 1957 walionyesha kwenye televisheni wakulima wa Uswisi wanavuna tambi mtini, na watu wakapiga simu kuuliza mche unapandwaje.

Alafu kuna kitu mi naita mkia. Stori inakuwa ya kweli kichwa na mwili, alafu kuna mtu kaishonea mkia. Mfano wa hapa hapa, vita ya Tanga, Novemba 1914. Waingereza walileta askari kama 8,000 wengi kutoka India, waje kuwanyang'anya Wajerumani mji, Wajerumani na maaskari wao walikuwa kama 1,000 tu chini ya kamanda wao von Lettow-Vorbeck. Risasi zikachokoza mizinga ya nyuki, nyuki wakatoka kwa hasira wakadunga watu mpaka watu wakatimka, na mwisho wa siku Waingereza wakarudi kwenye meli zao wameshindwa, wameacha na bunduki na risasi kibao nyuma. Yote hayo kweli. Sasa mkia, kwamba Wajerumani waliwatega wale nyuki kwa nyaya, ukipita unakanyaga mzinga unafunguka. Hiyo ni chai. Nyuki hawakuuliza pasipoti, walidunga pande zote mbili. Na mi naona bila mkia stori ni tamu zaidi, maana nyuki wa Tanga hawakuwa upande wa mtu.

Siyo kwamba hadithi hazirushwi. Ile ya mapango ya Amboni kwamba kuna njia inaenda chini kwa chini mpaka Kilimanjaro, na mbwa aliyeingia huku akatokea kule, mi naisimulia kila nikipata mgeni. Ila nasema wazi wazee wanahadithia hivi. Ukiivalisha koti la sayansi ndo unaharibu.

Na kwa wanaosema ah ni utani tu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 16 inamhusu anayesambaza taarifa za uongo huku akijua ni uongo na ana nia ya kudanganya, faini haipungui milioni 5 au jela miaka isiyopungua mitatu au vyote. Kwa klipu ya nyani? Hapana asante.

Hatua ya 4. Simulia, usitupe linki

Linki ni mlango. Umewapa watu mlango na kila mmoja ana bando lake la shilingi mia tano, nani ataufungua? Waambie kilichomo ndani. Kama wanataka zaidi wataomba linki wenyewe, hapo ndo unaitoa.

Namna ya kusimulia, anza na kitu ambacho msikilizaji anacho mkononi. Nikiwa kwenye meza ya supu ya pweza jioni sianzi na mambo ya bahari kuu, nauliza tu, huyu tunayemla mnajua ana mioyo mingapi? Wengine mmoja, mwingine anasema hana. Mitatu. Miwili inasukuma damu kwenye mashavu anayopumulia, mmoja unapeleka mwili mzima, na damu yake ni ya buluu kwa sababu imebeba shaba badala ya chuma kama yetu. Nimemaliza. Muuza pweza sasa hivi anawauliza wateja wake mwenyewe kama vile kaifanyia utafiti, na mimi nimemuachia, ndo raha yake.

Kwa wanywa kahawa nina nyingine. Kamera ya kwanza kabisa kuonyesha kitu moja kwa moja kwenye mtandao, mnadhani ilikuwa inaangalia nini? Benki? Ikulu? Ilikuwa inaangalia birika la kahawa. Wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Cambridge, 1991, walichoka kutembea kutoka vyumba vyao wakifika birika limekauka, wakaelekeza kamera pale ili mtu aone kwenye kompyuta yake kama kahawa ipo. 1993 ikaingia kwenye wavuti, watu wa dunia nzima wakawa wanachungulia kahawa isiyowahusu, 2001 ikazimwa na lile birika bovu likauzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 3,000 kwa Wajerumani wa jarida la Spiegel. Mzee wetu wa kahawa aliposikia bei akaliangalia dele lake kwa jicho jipya kabisa, akasema basi hili langu halipungui gari.

Umeona? Mwaka nimetaja, mahali nimetaja, lakini vimeingia mmoja mmoja, sijavimwaga. Ukiandika kwenye grupu fanya vile vile, mistari sita saba imetosha, Kiswahili chako unachoongea nyumbani, siyo kile cha taarifa ya habari. Voisi noti isizidi dakika moja, ikizidi watu wanaiacha waisikilize baadae, na baadae haiji. Na useme ulipoitoa, mstari mmoja, na kama kuna mtu ndo aliyekuonyesha mtaje. Kunyang'anya ajabu ya mwenzio ni wizi kama wizi mwingine.

Moja kwa siku. Nasema tena, moja. Mgeni wa Tanga waja leo waondoka leo, na ajabu nayo iwe hivyo hivyo, ikae siku moja ipumue, kesho ije nyingine.

Hatua ya 5. Angalia saa na mahali

Grupu likiwa na msiba nyamaza. Siyo siku ya kuzika tu, subiri mpaka watu wenyewe waanze kutaniana tena ndo ujue mlango umefunguliwa. Nilishamuona mtu kabandika kinyonga anayecheza chini ya ujumbe wa pole, mpaka leo haalikwi harusi. Saa za mechi ya Coastal Union, timu yetu, nazo usiguse, wagosi wakifungwa hata ukiwaambia mwezi umeanguka Raskazone hawatakujibu. Mi saa yangu ni baada ya Isha, watu wameshakula, wamelala chali, simu iko kifuani.

Na kila grupu na chakula chake. La wazazi wa shule siyo la vijana wa maskani. Kinyesi cha wombati, mnyama wa Australia, kina umbo la mchemraba kama dasta ya ubaoni, kweli kabisa, lakini mama mkwe wako hana haja ya kulijua hilo kwa njia yako.

Hatua ya 6. Usimrushe mtu

Hii fupi na sitaki ubishi. Klipu ya mama kaanguka na baiskeli pale barabara ya nane na ndoo ya samaki, umecheka, sawa na mimi ningecheka kama ningekuwepo na ningemwokotea samaki wake. Ila ile siyo ajabu ya mtandao, ni mama wa mtu, na Tanga hii ndogo, klipu itafika kwa mwanae kabla yeye hajafika nyumbani. Ikija kwako ifute.

Hatua ya 7. Wakikubishia

Watakubishia, na ndo tulichokuwa tunatafuta. Usiwatupie ushahidi kumi kwa mpigo. Na ikiwa umekosea rudi pale pale ulipoirushia useme nilikosea, papa siyo wa hapa. Usifute kimya kimya, watu wana skrinshoti.

Mimi mabishano makubwa niliyowahi kupata ni ya barafu. Nilisimulia hivi. Mwaka 1963 kuna mwanafunzi wa mkoa huu huu, shule ya Magamba, Lushoto, anaitwa Erasto Mpemba, walikuwa wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa na sukari, unasubiri yapoe ndo unaweka kwenye friza. Nafasi kwenye friza zinagombaniwa, akaona akisubiri atakosa, akayatumbukiza ya moto vile vile. Mwenzie kaweka yasiyochemshwa kabisa. Baada ya saa moja na nusu yake yameganda, ya mwenzie bado uji. Akauliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa. Akaenda shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, wakamcheka. Siku moja akaja profesa kutoka Dar, Denis Osborne, kijana akanyanyua mkono akauliza lile lile mbele za watu, darasa likaangua kicheko, lakini yule profesa aliporudi Dar akalijaribu, na 1969 wakaandika pamoja kwenye jarida la fizikia. Mpaka leo dunia nzima inaliita kwa jina la Mpemba, na mpaka leo wanabishana. 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kiliweka zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayeeleza vizuri sababu, yakaja majibu zaidi ya 22,000, na 2016 wakatokea wengine wakasema wamepima kwa makini na hawajaiona kabisa hiyo tofauti.

Baraza likagawanyika. Wengine chai hiyo, maji ya moto yatagandaje mbele ya ya baridi, akili gani. Mzee mmoja akasema yeye mkewe anauza barafu za ubuyu, tujaribu. Tukachukua vikombe viwili sawa, kimoja maji ya bomba, kingine ya moto, tukaviweka friza moja, rafu moja, watu saba tumesimama jikoni kwa watu usiku tunaangalia saa, mama mwenye friza ameshika kiuno.

Dakika ya ishirini na tano umeme ukakatika.

Ulirudi saa nane usiku, tumeshatawanyika, na asubuhi watoto wakavinywa vyote viwili. Mzee wa kahawa kila nikipita ananigongea vikombe ananiuliza, vipi mgosi, ya moto imeganda?